Kodi si Bei ya Haki

Tarehe 4 Novemba 2008 wapigakura wa California walimchagua rais na, siku hiyo hiyo, wakaamua kwa asilimia 52 hivi kwamba ndoa itakayotambuliwa na jimbo lao ni ya mwanamume na mwanamke tu. Mwezi Mei wa mwaka huo mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa imeruhusu ndoa za jinsia moja, na jozi zipatazo 18,000 zilikuwa zimekwishaoana kabla kura hiyo haijawafungia njia wengine. Haukupita muda, mwimbaji Melissa Etheridge akatangaza hadharani kwamba halipi tena kodi ya jimbo: ikiwa yeye si raia kamili, asitozwe kama raia kamili. Kauli hiyo ilipendwa na bado inapendwa. Miongoni mwa wanaotetea usawa wa ndoa, wazo kwamba anayenyimwa haki hii hadaiwi tena kodi limekuwa la kuitikiwa bila kuhojiwa, kwa kuwa lina sura ya mizani iliyosawazishwa: serikali ikitoa haki ipewe kodi, ikinyima haki inyimwe kodi. Mimi niko upande wa walionyimwa, na sioni uhalali wowote katika kuipigia kura ndoa ya mtu mwingine. Lakini hoja hii ya kodi ni mbovu, na wa kwanza kuumia kwa ubovu wake ni wale wale inaodai kuwatetea.

Tukiri kwanza kwamba malalamiko yenyewe hayakuwa ya kubuni. Wapo wanaosema ndoa ni mambo ya moyo na dini, kodi ni mambo ya hazina, na kwamba mawili hayo hayana uhusiano. Wanaosema hivyo hawajaitazama sheria ya kodi ya Marekani. Mwaka 1948 mume na mke waliruhusiwa huko kujumlisha mapato yao na kuyagawa nusu kwa nusu katika ritani moja ya kodi. Tangu mabadiliko ya 1981, mali inayotoka kwa mwenzi mmoja kwenda kwa mwingine, kwa zawadi au kwa urithi, haitozwi kodi hata ikiwa kubwa kiasi gani. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyowaondoa wanandoa wa jinsia moja katika hesabu hiyo yote, na ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilipohesabu mwaka 2004 ilikuta mahali 1,138 katika sheria za serikali kuu ambapo haki, stahili au wajibu fulani unategemea ndoa. Chukua wanandoa wawili wa Massachusetts, jimbo lililoanza kufungisha ndoa hizi mwaka 2004. Kwenye ritani ya jimbo walitakiwa kuandika kwamba wameoana. Kwenye ritani ya serikali kuu, kwa mapato yale yale ya mwaka ule ule, kila mmoja alitakiwa kutia alama kwenye kisanduku cha mtu asiye na ndoa, kisha asaini, chini ya onyo la adhabu ya kusema uongo, kwamba yote aliyojaza ni ya kweli. Kama mmoja wao alikuwa na bima ya afya ya kazini iliyomhudumia na mwenzake, thamani ya bima ya mwenzake kwa kawaida ilihesabiwa kama nyongeza ya mshahara na kukatwa kodi. Mfanyakazi wa meza ya jirani, aliyemwandikisha mumewe kwenye bima ile ile, hakukatwa chochote.

Kwa hiyo mtu akikasirika, amekasirika kwa haki. Swali ni hasira hiyo ielekezwe wapi. Na hapa lipo jambo ambalo wapenda mizani huliruka. Si kila jozi iliyonyimwa ndoa ilitozwa zaidi. Wawili wenye mishahara inayokaribiana mara nyingi walilipa kidogo zaidi wakihesabiwa kama watu wawili mbalimbali kuliko ambavyo wangelipa wakihesabiwa kama wanandoa. Mwaka huo huo wa 2004 ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kutambua ndoa hizi nchi nzima kungeiongezea serikali kuu mapato kidogo. Sasa tuwaambie nini wale waliookoa fedha kwa kutotambuliwa? Kwamba wao hawakudhulumiwa? La hasha. Walidhulumiwa sawasawa na wengine, kwa sababu waliambiwa na dola yao kwamba maisha waliyoyajenga pamoja si kitu. Dhuluma hiyo haipimwi kwa fedha, na punguzo la kodi haliigusi. Lau Bunge lingepitisha sheria ya kuwasamehe kodi yote watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja, kwa sharti kwamba wasioane milele, mizani ya wapenda mizani ingekuwa imetulia kabisa, na unyonge wa watu wale ungebaki pale pale, safari hii ukiwa umelipiwa.

Shina la kosa ni kuichukulia kodi kama bei. Anayesema "sipewi haki, kwa hiyo silipi" ameshaikubali, hata asipoitamka, kauli ya pili inayofuata kwa lazima: asiyelipa hana haki. Na kauli hiyo ya pili ina historia chafu. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani ndiyo iliyotumika kuwaweka Weusi na maskini mbali na sanduku la kura, kwa kudai kodi ya kichwa kabla mtu hajaruhusiwa kupiga kura. Yalihitajika Marekebisho ya 24 ya Katiba, mwaka 1964, kuiondoa katika chaguzi za serikali kuu, na hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1966 kuiondoa katika zile za majimbo. Huko Virginia kodi iliyobishaniwa ilikuwa dola moja na nusu kwa mwaka. Harakati za haki za raia zilipigana kuutenga uraia na uwezo wa kulipa. Harakati za ndoa sawa, ambazo ni binti wa zile, haziwezi kuanza kuviunganisha tena kwa sababu tu safari hii muungano huo unatoa kaulimbiu tamu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana ushahidi wake wa karibu. Serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya vibanda katika nchi ambayo leo ni Kenya mwaka 1901, na kwa kuwa hesabu ilifuata vibanda, mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipia nyumba tatu. Mkusanya kodi aliwatambua wake hao vizuri sana. Mwaka 1917 kesi ya mtu aitwaye Amkeyo ilifika mbele ya Jaji Mkuu Robert Hamilton, na swali lilikuwa kama mke aliyeolewa kimila anapata ulinzi ule ule uliomkinga mke wa ndoa ya Kizungu asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Jaji akasema hapati, kwa kuwa uhusiano ule, machoni pake, ulikuwa ununuzi wa mwanamke na haukustahili kuitwa ndoa. Dola moja, miaka ile ile, ilimhesabu mke ilipochukua kodi na ikamkana ilipodaiwa haki. Malipo hayakuwa yamewanunulia watu wale hata chembe ya kutambuliwa. Na kinyume chake ni kweli vilevile: lau Amkeyo angesamehewa kodi ya vibanda maisha yake yote, ndoa yake ingebaki kuwa ununuzi mbele ya mahakama ile. Kilichokosekana kilikuwa utu, na hakuna stakabadhi inayoweza kuuleta.

Watetezi wa kugoma hujibu kwa kutaja uasi wa wakoloni wa Boston na msemo wa hakuna kodi bila uwakilishi. Jibu hilo linasikika vizuri na halihusu. Wakoloni wa Marekani hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Raia wa California aliyenyimwa ndoa alipiga kura siku ile ile, alikuwa na wabunge, na baadhi ya wabunge hao walikuwa wapenzi wa jinsia moja waliojitambulisha hadharani. Kosa la kura ile lilikuwa jingine, na baya zaidi: haki ambayo haikupaswa kupigiwa kura na yeyote ilipelekwa kwa wengi waiamue. Uwakilishi hauponyi ugonjwa huo, na kwa hiyo kuukosa hakuwezi kuwa ndio ugonjwa. Dawa yake ni katiba na mahakama, na ubishi mrefu wa kuwageuza majirani, ambao kwa kweli ndio uliofanya kazi kubwa kuliko vyote.

Kisha tuulize nani anaweza kugoma. Mwimbaji mashuhuri anayepokea malipo yake yote na kukadiria kodi mwenyewe anaweza kuizuia hundi. Muuguzi wa zamu ya usiku kule Fresno, California, hawezi. Kodi yake imekatwa kabla mshahara haujafika mkononi, na mwajiri wake ndiye aliyeipeleka. Aliyestaafu akaishi kwa pensheni ndogo hana cha kuzuia, na maskini halipi kodi ya mapato ya kutosha kumshtua mtu. Silaha ambayo ndani ya jamii iliyodhulumiwa inashikika na wenye nacho peke yao haiwezi kuwa silaha ya jamii hiyo. Na risasi zake zinamwangukia nani? Katiba ya California, tangu kura ya mwaka 1988, inazitengea shule za umma na vyuo vya jamii takriban asilimia 40 ya mfuko mkuu wa jimbo, na mfuko huo unalishwa zaidi na kodi ya mapato. Zinazobaki zinakwenda, pamoja na mengine, kwenye matibabu ya wasiojiweza. Waliopiga kura ya ndiyo hawamo katika hesabu hiyo kwa namna ya pekee. Waliomo ni watoto, na miongoni mwao watoto wa wanandoa wale wale wa jinsia moja, na wagonjwa wa UKIMWI ambao jamii hiyo iliwauguza miaka ambayo serikali kuu ilikuwa imewapa kisogo.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye historia ya watu waliokataa kodi na ambao leo tunawaheshimu. Sipendi kulipita juu juu, maana nami nawaheshimu. Henry David Thoreau alilala usiku mmoja katika jela ya Concord, Massachusetts, Julai 1846, kwa kukataa kodi ya kichwa akipinga utumwa na vita dhidi ya Meksiko. Wanaomtaja husahau kwamba katika insha yake maarufu anaeleza pia kuwa kodi ya barabara hakuikataa kamwe, kwa kuwa alitaka kuwa jirani mwema. Hata yeye, aliyekuwa mkali kuliko wote, alichagua.

Mfano wa karibu zaidi na suala letu ni Afrika Kusini, na nashangaa hautajwi. Tarehe 14 Machi 1913 Jaji Malcolm Searle wa mahakama ya jimbo la Rasi aliamua kwamba ndoa iliyofungwa kwa taratibu za dini inayoruhusu mitala haitambuliwi na sheria ya nchi. Kwa kalamu moja wake wa Waislamu na Wahindu wakawa vimada mbele ya sheria, na watoto wao wakawekwa katika mashaka. Wanawake waliokuwa hadi hapo nyuma ya mapambano ya Wahindi walijitokeza mbele; Kasturba Gandhi, mke wa kiongozi wa mapambano hayo, ni mmoja wa waliofungwa mwaka huo. Wakati huo huo Wahindi waliomaliza mikataba yao ya kazi Natal walikuwa wakidaiwa pauni 3 kila mwaka, kodi iliyotungwa mwaka 1895 ili waone heri kurudi India au kujifunga upya kwa mabwana wa miwa kuliko kuishi huru. Wachimba makaa wa Newcastle waliweka chini zana mwezi Oktoba, na tarehe 6 Novemba zaidi ya watu 2,000 wakavuka kwa miguu mpaka wa Transvaal wakijua wanakwenda kukamatwa. Sheria ya mwaka 1914 ilifuta kodi ile na kuzitambua ndoa zao za mke mmoja. Basi hapa ndoa na kodi vilisimama pamoja kweli. Lakini angalia ni kodi ipi. Ilikuwa kodi aliyotozwa Mhindi kwa kuwa ni Mhindi. Yenyewe ilikuwa ubaguzi. Kuikataa kulikuwa kuukataa ubaguzi wenyewe, na hakuna mtoto wa shule aliyepungukiwa kwa hilo.

Ndivyo ilivyokuwa pia Usumbura, Bujumbura ya leo, katikati ya miaka ya 1950. Utawala wa Wabelgiji, kwa amri ya mwaka 1950, ulikuwa umeacha kuzitambua ndoa mpya za mitala, na mjini ukawatoza kodi maalumu wanawake waliohesabiwa kuwa hawana mume. Wanawake wa mtaa wa Buyenzi, Waislamu na wasemaji wa lugha yetu hii, wakiwemo wajane na walioachwa, waliona kodi ile inawatia wote katika fungu moja na makahaba. Wakaiasi. Naona walikuwa na haki kabisa, kwa sababu ile ile: walikataa tozo iliyowekwa juu ya hali yao kama wanawake ambao dola ilikataa kuwahesabu vinginevyo.

Mpaka ninaouchora basi uko hapo. Kodi ya wote, anayotozwa kila mwenye kipato sawa kwa kipimo kimoja, raia aliyenyimwa ndoa aendelee kuilipa, kwa kuwa ni mchango wake kwa jirani na wala si ada ya uraia wake. Kodi inayomwangukia kwa sababu tu dola imeikana ndoa yake haidaiwi kwa haki, na aipinge mpaka senti ya mwisho. Anayegoma kodi ya wote hujikuta amebadili kesi: kutoka kuwa mdai wa haki, sasa ni mdaiwa wa hazina, na mahakama za Marekani zimeshaonyesha zinavyompokea. Mwaka 1982 mwajiri wa madhehebu ya Amish aliyekataa kwa imani ya dini yake kulipa michango ya hifadhi ya jamii alishindwa mbele ya majaji wote tisa, kwa sababu mfumo hauwezi kusimama kila mtu akijipimia kodi kwa dhamiri yake. Na kama dhamiri ingetosha, tangu Juni 2015, Mahakama ya Juu ilipoihalalisha ndoa ya jinsia moja nchi nzima, mamilioni ya wanaoichukia wangekuwa na udhuru uleule mkononi.

Edith Windsor alipita njia nyingine. Yeye na Thea Spyer walichumbiana mwaka 1967. Thea alimpa bizimu ya almasi ya kuvaa kifuani badala ya pete, kwa kuwa pete ingezua maswali kazini, kwenye kampuni ya kompyuta ambako hakuna aliyejua maisha yake. Walioana Toronto mwaka 2007, miaka 40 baadaye, na Thea akafariki Februari 2009. Jimbo la New York walikoishi liliitambua ndoa yao. Serikali kuu haikuitambua, ikamtoza mjane kodi ya mirathi ya dola 363,053. Lau Thea angekuwa mwanamume, kodi hiyo ingekuwa sifuri. Hii ndiyo hasa kodi ya aina ya pili, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuikatalia. Alilipa, kisha akashtaki adai arudishiwe. Sheria ya Marekani inayo njia ya kubishana kabla ya kulipa katika mahakama ya kodi, lakini anayetaka kudai marejesho katika mahakama za kawaida, tangu hukumu ya mwaka 1960, lazima awe amelipa yote.

Malipo yale yakaja kuwa uti wa mgongo wa kesi. Februari 2011 serikali ya Barack Obama ilikiri kwamba sheria ya 1996 inavunja Katiba na ikaacha kuitetea, ila ikaendelea kukataa kurudisha fedha. Wanasheria waliotumwa na Baraza la Wawakilishi wakashika utetezi. Majaji wa Mahakama ya Juu wakajiuliza kama kuna kesi bado, ikiwa pande zote mbili zinakubaliana. Jaji Anthony Kennedy akaandika kwamba ipo, kwa sababu Hazina imeamriwa kutoa fedha ambazo bado haijatoa. Tarehe 26 Juni 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4, kifungu cha sheria ile kilichozikana ndoa hizi kikabatilishwa. Zile dola 363,053 zilizokaa hazinani ndizo zilizoushikilia mlango wazi mpaka hukumu ikatoka.

Nitajibiwa kwamba Windsor alikuwa na mali, alipata mawakili bila kulipa, na hata hivyo alisubiri mpaka umri wa miaka 84. Ni kweli, na ni jibu zito kuliko yote niliyoyataja. Njia hii ni ndefu na wengi hufa njiani. Lakini aliposhinda, ushindi ulimfikia na muuguzi wa Fresno, ambaye hakuwa na hundi ya kuzuia wala wakili wa kumtetea. Agosti 2013 mamlaka ya mapato ilitangaza kwamba itaitambua kila ndoa ya jinsia moja iliyofungwa kihalali, popote wanandoa wanapoishi, na kwamba waliotozwa zaidi wanaweza kurekebisha ritani zao na kurudishiwa.

Wanaweza, kwa miaka mitatu nyuma. Huo ndio ukomo wa kawaida wa madai ya marejesho, na mamlaka haikuulegeza. Mjane wa Massachusetts aliyetozwa kodi ya mirathi mwaka 2006, na jozi iliyokatwa kodi ya bima tangu 2004, walikuta dirisha limeshafungwa kabla Mahakama ya Juu haijasema kwamba tozo ile haikuwa halali. Wapo wabunge, Seneta Elizabeth Warren akiwa mmoja wao, waliowasilisha mswada wa kuuondoa ukomo huo kwa watu hawa. Kelele zilizotumika kusifu kugoma zingefaa zihamie huko. Fedha zile zilichukuliwa kutoka kwa watu wanaojulikana, kwa ritani zenye majina na tarehe, kwa mujibu wa sheria ambayo dola yenyewe imekiri kuwa ilikuwa batili, na hakuna sababu ya haki inayoizuia Hazina kuandika hundi za miaka yote iliyobaki, tangu ndoa ya kwanza ya Mei 2004.